Mjukuu wa Kumi na Mbili

Point, Durban
14 Septemba 2025

Kwako Mama Ephraim,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yametulia na sukari imeshuka. Nakuuliza hali kwa sababu ndivyo ulivyotufundisha, kwamba mtu hamwagii mwenzake maneno kabla hajamjulia afya. Mimi na mwanangu hatujambo. Baridi ya huku imekwisha, upepo wa bandarini bado unapiga madirisha, lakini tunakula na tunalala.

Nimekuita Mama Ephraim kama wanavyokuita majirani, na sikusahau. Mwaka 2008 ulisema mbele ya shangazi Marie kwamba huna binti Durban. Sasa mtu asiye binti yako akuiteje? Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyotulea nayo kule Rumonge, kwa sababu kwa Kirundi ningelazimika kukuheshimu mpaka nisiseme nilichokusudia. Na nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako anaishika Ephraim, na kaka yangu huyo akisoma kitu saa nne, saa sita kimeshafika kanisani. Athanase anayekuletea barua hii nimemwapisha akupe mkononi. Mpe chai, ametoka mbali.

Niende kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita Ephraim alinitumia picha ya programu ya kuondoa matanga ya Baba. Karatasi nzuri, na Baba juu yake amevaa lile koti la kahawia. Nikasoma misa, nikasoma hotuba, nikasoma chakula. Nikafika penye familia: marehemu ameacha mjane, watoto saba na wajukuu kumi na mmoja. Chini yake majina yao, yatakayosomwa kwa sauti mbele ya watu, kama ilivyo desturi yetu, ili kila mtu ajue nani ni wa nyumba ile. Nikahesabu. Mtoto wa Lyse yumo, wa juzijuzi, mwenye meno mawili. Anaïs wangu, mwenye miaka kumi na saba, hayumo. Nilimpigia Ephraim. Akanijibu kwa upole wake ule wa ushemasi kwamba aliyetaja majina ni wewe, yeye amepiga chapa tu, na nisilete vurugu kwenye kilio cha watu. Kilio cha watu! Aliyekufa ni baba yangu.

Anaïs naye aliiona ile picha, kwa maana simu yangu haina siri kwake. Alihesabu kama nilivyohesabu. Kuna neno alilosema, nitakuandikia huko mwishoni. Kwanza nataka nikupe habari za bibi mmoja wa huku, na nakuomba usiruke kurasa kama unavyoruka kwenye barua za watu usiowapenda.

Jengo letu ni la zamani, orofa sita, lifti ilikufa kabla sijafika. Tumejaa humo Wakongo na Warundi. Orofa ya nne anakaa mzungu mmoja, Mholanzi, jina lake Geesje. Mume wake alikuwa fundi wa mashine kwenye zile boti zinazovuta meli bandarini, alifariki zamani. Wazungu wenzake walihama wote, yeye akabaki. Ana miaka tisini na tisa na mdomo wa pilipili. Watoto wakicheza kwenye ngazi anagonga ukuta kwa fimbo. Mtu akikaanga samaki anapiga kelele korido nzima. Ghislaine, Mkongo mwenye saluni ninayofanyia kazi, alinionya mapema: "Ule muzungu wa kule yulu iko mubaya. Usimupatie hata mukono. Eish, ule hapana muntu." Nikamkwepa kama walivyomkwepa wenzangu.

Miaka sita iliyopita alishuka mwenyewe mpaka saluni, ngazi kwa ngazi, akataka kuoshwa nywele. Mikono yake ilikuwa imeshindwa kufika kichwani. Wenzangu wote ghafla wakawa na kazi, akaniangukia mimi. Mama, nywele za yule bibi zinafika kiunoni, nyeupe pe. Na wewe unajua kwamba nywele zinamficha mtu kwa kila mtu isipokuwa msusi. Nilipozigawa nikakuta makovu matatu marefu kwenye ngozi ya kichwa, ya wembe uliopitishwa na mtu asiyejali. Nikamwuliza taratibu nani alimnyoa vibaya hivi. Alinitukana kwa Kiingereza, akamalizia kwa Kiholanzi, na akutukanaye hakuchagulii tusi. Jumamosi iliyofuata akarudi. Tangu hapo nikawa nampandia mimi, namwosha, namsuka mkia mmoja, namwachia uji. Anaïs akawa anamsomea magazeti. Alitutukana sote wawili bila upendeleo.

Labda umesikia mambo ya huku mwaka huu. Kuna watu wanasimama kwenye mageti ya zahanati wakidai vitambulisho, na mgeni anarudishwa na ugonjwa wake. Anaïs alirudishwa akiwa amevimba koo. Mwezi wa saba wakaanza kupita kwenye majengo, mchana kweupe, mlango kwa mlango, wakiuliza wageni wako wapi. Mimi nilikuwa saluni, tumefunga geti la chuma, tumekaa sakafuni na wateja wenye vichwa vilivyosukwa nusu. Anaïs alikuwa kwa Bibi Geesje. Walipogonga, bibi alifungua mwenyewe, na nguo ya kulalia na fimbo. Wakamwuliza huyu msichana ni nani. Akasema huyu ni wangu. Wakamwuliza kwa kicheko, gogo, yaani bibi kwa Kizulu, wako kivipi? Akawajibu kwamba ni kitukuu chake, na kama wanataka kujua alipatikanaje waingie wakae chini awaeleze ndoa yake tangu siku ya kwanza, ila wavue viatu. Mmoja wao akacheka mpaka akashika ukuta, akamwambia sharp, gogo, yaani haya bibi, wakashuka zao.

Nilipofika nilimkuta bado anagonga sakafu kwa fimbo. Hasira ilikuwa haijamwisha. Nikamfungulia nywele ili atulie, na ndipo aliponieleza makovu yale yalitoka wapi.

Baba yake alikuwa muuza maziwa kijijini, kaskazini mwa Uholanzi. Mwaka 1943 yeye alikuwa na miaka kumi na saba. Wajerumani walikuwa wameishika nchi yao na wanawakusanya Wayahudi, wazee kwa watoto, wanawapakia kwenye treni kwenda kuwaua. Mjini Amsterdam kulikuwa na nyumba walimowekwa watoto wachanga wakingoja zamu yao. Wauguzi waliwatoa kwa siri, mmoja mmoja, kwenye vikapu na mifuko ya nguo. Daktari mmoja mwanamke wa kwao alimwomba Geesje awe anawafuata kwa treni na kuwaleta kaskazini, kwa wakulima waliokubali kuwaficha. Akaleta wanane. Kila mara alikuwa na hadithi yake: huyu ni mdogo wangu, huyu ni wa dada, mama yake anaumwa. Alisema askari wakali hawakumtisha sana. Waliomtisha ni wale wema, waliotaka kumpokea mtoto wambembeleze.

Wa tisa alikuwa msichana wa wiki tatu. Alipofika naye kwa mkulima alikuta mlango umepigiliwa misumari. Wenyewe walikuwa wamekamatwa asubuhi ile. Nyumba nyingine hazikumtaka. Akageuka naye kwenda kwao, na njiani akakutana na polisi wa kijiji aliyemjua tangu utoto, anayejua kwamba mama yake hakuzaa mwaka ule wala dada hana. Akamwuliza mtoto ni wa nani. Geesje akasema ni wangu. Ilikuwa majira ya baridi, watu wote wamevaa makoti mazito kwa miezi, nani angejua? Akaulizwa baba yake ni nani. Akasema ni askari wa Kijerumani, keshahamishwa. Alitaja Mjerumani kwa sababu lilikuwa jibu pekee lisilofuatwa na swali lingine. Polisi akatema mate chini, akampisha. Kesho yake Geesje alikwenda ofisini kumwandikisha mtoto kwa jina lake mwenyewe, akamwita Anneke.

Baba yake alimfukuza siku hiyohiyo. Akaishi kwenye chumba cha kufulia cha mjane mmoja, akifua nguo za watu wasiomsalimia. Hata mama yake mzazi Geesje hakumwambia kweli. Mama yake angeisema ile siri ili kumtetea, na kumtetea kungemwua mtoto. Akanyamaza, akatukanwa, akafua.

Mwezi wa nne 1945 Wajerumani walikimbia na kijiji kikalipuka kwa furaha. Katika furaha hiyo waliwakusanya wanawake waliosemekana wamelala na Wajerumani, wakawapandisha juu ya mkokoteni uwanjani, wakawanyoa mbele ya watu. Geesje alikuwa wa tatu. Alipiga kelele kwamba mtoto ni wa Kiyahudi, kwamba amemwokoa. Watu walicheka, maana siku ile kila mtu alikuwa amemwokoa Myahudi. Aliyeshika wembe alikuwa amelewa. Na mama yake alikuwapo. Hakumtukana na hakumtetea. Alisimama tu, ameshika koti la Geesje, amelikunja vizuri mkononi lisiingie damu. Bibi Geesje aliniambia kwamba wembe ameshausamehe, lile koti bado.

Mwaka uliofuata shangazi wa mtoto, aliyepona kambini, alikuja na karatasi zake akamchukua. Anneke alilia mama, mama, mpaka treni ikapinda. Hapo kijiji kizima kikajua ukweli. Hakuna aliyebisha hodi kuomba radhi, walianza tu kumsalimia. Mama yake alimpelekea mayai sita, akayaweka mezani, akakaa kidogo, akaondoka. Geesje alingoja mama yake aulize, na mama yake alingoja aelezwe. Mwaka 1951 Geesje aliolewa na fundi wake wa meli akaja naye Durban. Mama yake alikufa mwaka 1962, na jambo lile hawakuligusa hata siku moja. Miaka mingi baadaye watu fulani walikuja kutoka ng'ambo na nishani, kwa ajili ya watoto wale tisa. Aliwafukuza kwa fimbo. Alisema wamemletea kitana mtu aliyenyolewa.

Alipomaliza alinishika kifundo cha mkono, akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yu hai. Akauliza kama anajua. Sikuwa nimemwambia kitu yule bibi, Mama, sijui alitambua vipi. Nikasema hajui. Akaniita mjinga, kwa sauti kubwa, na mara hii hakuwa anatukana.

Basi ujue. Anaïs sikumzaa mimi.

Aliyemzaa ni Huguette, msichana wa Uvira niliyekuwa nasuka naye na kulala naye chumba kimoja. Aliwahi kukusalimu kwenye simu ukasema anacheka sana. Mwezi wa tano 2008, watu walipoanza kuwapiga wageni, mtoto alikuwa na wiki saba. Baba yake alikuwa amekimbilia Cape Town kabla hajazaliwa, na mpaka leo hatujamwona. Huguette alishuka kutafuta teksi ya kututoa, mimi nikabaki juu na mtoto mgongoni. Walimkamata mlangoni pa jengo. Alikufa hospitalini siku ya pili, na sikuweza kwenda kumwona kwa sababu njia zilikuwa zimefungwa. Kwenye ukumbi wa kanisa tulikokimbilia palikuwa na mama mmoja mwenye daftari, akiandika watu. Watoto wasio na wazazi walikuwa wanatengwa upande wao, wapelekwe kwenye nyumba za serikali. Aliponifikia akauliza mama wa huyu ni nani. Sikufikiri. Ningefikiri labda ningesema kweli. Nilisema ni wangu. Akaandika, na alichoandika ndicho kikaingia kwenye faili langu la ukimbizi, kikaingia shuleni, na ndicho kilichopo mpaka leo.

Léonce, mchumba wangu, alikuwa Johannesburg miezi kumi na moja. Alishuka Durban akamwona mtoto, akahesabu miezi kwa vidole mbele yangu, nami namwangalia. Nilimpenda, Mama, sijui kama uliwahi kuliamini hilo. Ningemwambia, naye angewaambia ndugu zake ili wasimcheke, na siku moja mmoja wao angegombana nami akaenda ofisini kunichongea. Nikanyamaza. Mahari ikarudishwa. Ukasema nimekuvua nguo mbele ya watu, ukasema mchuma janga hula na wa kwao. Hukuonja hata kijiko. Janga langu nimelila peke yangu miaka kumi na saba, ninyi mkila sifa za Ephraim. Na shangazi Marie alipokuonyesha picha ya mtoto ulimwambia hakuna haja ya kuuliza, hata pua ni ya kwetu. Pua ile ni ya Uvira.

Baba alijua. Alipolazwa mara ya kwanza, mwaka 2019, alinipigia kwa simu ya muuguzi, nikamwambia yote. Halafu akauliza mtoto ana jina gani la Kirundi. Nikasema hana, ana Anaïs tu. Akakasirika kweli, akasema katika nyumba yake mtoto hapewi jina na karani. Akampa Nimbona, yaani nikiona, jina la mtu anayengoja kuona kwa macho yake. Hakumwona. Aliniapisha nisikuambie mpaka mtoto atimize kumi na minane na asiweze kuchukuliwa, maana kikundi chako cha maombi cha Alhamisi alikiogopa kuliko daktari. Atatimiza mwezi wa tatu. Nimevunja kiapo miezi sita kabla ya wakati.

Sasa lile neno la Anaïs. Amejua tangu ana miaka kumi na miwili, nilimwambia mwenyewe. Alipomaliza kuhesabu majina kwenye programu alinirudishia simu akasema: "Eish, Mama, hawajakosea. Mimi si wao." Akaenda kuosha vyombo. Siku nyingine anaosha vyombo kwa kelele mpaka Bibi Geesje anagonga ukuta. Siku ile sikusikia hata sahani moja.

Siandiki ili unisamehe, kwa sababu sina nilichokukosea. Naandika ili usife hujui, na ili usije siku moja ukaniletea mayai sita. Na ujue kwamba kwa barua hii umeshika mpini, mimi na Anaïs tumeshika makali. Ukiisoma Alhamisi mbele ya wenzako, ikamfikia mtu mwenye chuki na mimi huku, msichana anaweza kuchukuliwa nami nikashtakiwa kwa uongo. Nimelala juu ya hilo siku sita, na bado nimeandika.

Usiniamini mimi. Fungua Biblia ya Baba, ile ya Kifaransa usiyoisoma kwa sababu ya herufi zake ndogo. Kwenye ukurasa wa mwisho ametuandika wote kwa mkono wake. Hesabu wajukuu. Chini ya wa Ephraim utaona jina limebanwa kwa wino wa bluu, kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha. Alinisomea kwenye simu alipokuwa analiandika.

Tarehe nne ya mwezi wa kumi, majina yatakaposomwa, yawe kumi na mawili. Ukishindwa, basi na watoto wasomwe sita, jina langu usilitie mdomoni.

Nisalimie Ephraim, mwambie programu yake ina kosa la hesabu. Nisalimie Lyse na mwanawe. Shangazi Marie naye msalimie, na habari ya pua mpe wewe mwenyewe. Kunywa dawa zako kwa wakati. Bibi Geesje hakusalimu, hajui kusalimu mtu, lakini nilipomwambia naandika alisema nikuulize swali moja: lile koti la mwanao, mpaka lini utalishika mkononi?

Ni mimi,
Médiatrice, mwanao wa nne,
Mama wa Anaïs Nimbona